Ufunguo wa Laela: Haki, Hisani na Kompyuta Zetu

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Laela. Mvua zilikuwa zimekolea na watu walikuwa mashambani wakipanda mahindi. Mtu atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela akiwa amebakiza kilometa 95 hivi za lami kufika mjini, na pembeni mwa barabara hiyo mtoto wa kaka yangu wa ukoo ana kibanda cha steshenari. Ana kompyuta moja ya mezani ya mtumba, printa, mashine ya kutolea nakala na kiti kimoja cha mteja. Humo huandikwa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya kijiji, mitihani ya majaribio ya shule za jirani na maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kwa hiyo nikisema kwamba kompyuta ile ikinyamaza sehemu ya shughuli za umma pale mtaani nayo itanyamaza kwa siku kadhaa, sitii chumvi.

"Shikamoo, baba mdogo," aliniamkia, na kabla sijaketi akanielekeza kwenye kioo. Mashine ilikuwa ikimwonya kwamba Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama. Fundi alimpa njia mbili: anunue mashine nyingine, au amlipe amwekee Windows 11 "kijanja". Kijana akageuza kasha la kompyuta akanionyesha karatasi ndogo iliyoanza kubanduka, imeandikwa Windows 7 Professional, na chini yake herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano.

"Ufunguo huu nilikuta nao nilipoinunua mashine," alisema. "Fundi anasema hauna kazi tena. Lakini baba mdogo, kama ni wangu na ni halali, kwa nini usifungue na matoleo yaliyofuata?"

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Ninafundisha mambo ya siasa na jamii. Ilinibidi niwasumbue kwa simu wenzangu wa idara nyingine kabla sijampa jibu. Hata hivyo, kadiri nilivyolitafakari swali lake ndivyo nilivyoona kwamba kompyuta ni sehemu yake ndogo tu. Kijana alikuwa anauliza mtu anaponunua kitu amenunua nini hasa, na ni nani mwenye mamlaka ya kubadili masharti baada ya fedha kutoka mfukoni. Wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanalikabili swali hilohilo kila siku, ingawa mara nyingi hawalitambui.

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe. Ufunguo wa leseni hauna programu ndani yake. Ni uthibitisho tu kwamba mwenye nao ameruhusiwa kutumia programu fulani. Ruhusa hiyo ina mipaka. Mpaka wa kwanza ni daraja: ufunguo wa daraja la nyumbani haufungui daraja la kitaaluma, hata kama toleo ni lilelile. Mpaka wa pili ni namna ulivyouzwa. Upo ufunguo unaokuja na mashine kutoka kiwandani, nao huishi na kufa na mashine hiyo. Upo wa rejareja, ambao mwenyewe anaweza kuuhamisha kutoka mashine moja hadi nyingine, ili mradi usitumike kwenye mbili kwa pamoja. Upo pia wa mkupuo, unaouzwa kwa taasisi zenye mashine nyingi. Mpaka wa tatu ni toleo, na huu ndio uliomtatiza kijana wetu.

Microsoft ilipotoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, iliwaruhusu wenye Windows 7 na Windows 8.1 kuhamia toleo hilo bila malipo kwa muda wa mwaka mmoja. Muda huo ulikwisha rasmi tarehe 29 Julai 2016. Kwa vitendo, hata hivyo, mlango haukufungwa. Mtu aliyeweka Windows 10 na kuandika ufunguo wake wa zamani wa Windows 7 aliendelea kukubaliwa mwaka baada ya mwaka. Ni Septemba 2023 ndipo kampuni ilipotangaza kwamba njia hiyo imeondolewa. Kwa miaka saba tangazo lilisema jambo moja na mashine zikatenda jingine.

Aliyevuka kabla ya mlango kufungwa alipata kitu cha thamani. Leseni yake ya Windows 10 iliandikwa katika seva za kampuni na kufungamanishwa na ubao mkuu wa mashine yake, kiasi kwamba hata akiifuta mashine na kuanza upya hahitaji tena kuandika ufunguo wowote. Leseni hiyo ya Windows 10 ndiyo inayomruhusu kuingia Windows 11 bila malipo, endapo mashine ina chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha iliyokubaliwa. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo. Aliyechelewa amebaki na ufunguo unaofungua Windows 7 tu, mfumo uliokoma kupata masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020.

Jibu la swali la Laela lilitegemea basi siku gani fundi aliiweka Windows 10, na aliiwekaje. Tukafungua ukurasa wa mipangilio. Iliwekwa mwaka 2021, wakati mlango ungali wazi. Nilianza kufurahi. Kisha tukasoma mstari unaofuata, ulioeleza kwamba mashine imeidhinishwa na huduma ya taasisi yake.

"Taasisi gani, mwanangu?" nilimuuliza. "Taasisi ni wewe na meza hii."

Wenye uzoefu wameshaelewa. Fundi hakuugusa ufunguo uliobandikwa kwenye kasha. Alitumia programu ya kuvunjia leseni, ile kazi ambayo vijana huita "kukraki", inayoidanganya mashine kwamba ni mali ya kampuni kubwa yenye leseni ya mkupuo. Mwenye nyumba alikuwa na ufunguo halali mkononi, na mlango ulikuwa unafunguka kwa ufunguo huo, lakini ukavunjwa dirisha. Leo dirisha limegundulika na mlango umeshafungwa. Kijana yule amekuwa mkosaji katika jambo ambalo angeweza kuwa halali kwa kuandika herufi 25 tu. Hakudhulumiwa na sheria wala na umaskini wake. Kilichomponza ni kutoelezwa.

Kabla sijamlaumu fundi, niseme langu. Sehemu kubwa ya tasnifu yangu ya uzamivu niliiandika kwenye kompyuta yenye programu zilizokrakiwa. Nilikuwa nanukuu vyanzo kwa uangalifu mkubwa, nikiogopa kuitwa mwizi wa maandishi ya watu, huku chombo nilichokuwa nikiandikia ni cha wizi. Sikuwahi kuuona mgongano huo, kwa sababu kila mtu niliyemfahamu alikuwa akifanya vilevile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeongeza adhabu kwa ukiukaji wa haki za ubunifu unaofanywa kwa njia ya kompyuta. Nilikuwa nazijua sheria nyingi za nchi hii, lakini hizo sikujishughulisha nazo.

Wapo wanaharakati watakaosema kwamba kuiibia kampuni tajiri si kosa, ni kujichukulia haki. Hoja hiyo nimeisikia vyuoni kwa miaka mingi, nami niliitumia. Sasa naikataa, na si kwa sababu ya maadili peke yake. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumza mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alisema bila kificho kuhusu China kwamba maadamu watu wataiba programu, ni heri waibe za kampuni yake, kwa kuwa watazizoea na kampuni itapata baadaye namna ya kukusanya malipo. Hapo ndipo wengi wetu hujidanganya. Anayekraki humfanyia mwenye mali kazi ya kutafuta wateja na hujizuia mwenyewe kutafuta njia nyingine. Tena programu za kuvunjia leseni huomba kwanza kinga ya mashine izimwe, na kinachoingia pamoja nazo hakijulikani. Katika kibanda ambamo watu huacha vyeti vyao, namba zao za kitambulisho cha taifa na barua zao, hilo si jambo dogo.

Lakini nikimkataza kijana kuiba, nina wajibu wa kuuliza upande wa pili: je, yeye aliyelipa analindwa na nini?

Hapa mfano wa ardhi unatusaidia, maana Watanzania tunaufahamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mkulima wa Laela hana ardhi kwa maana ileile aliyo na jembe lake. Ana haki ya kuitumia. Mwenye hati hupewa muda usiozidi miaka 99, na mwenye haki ya kimila kijijini anaweza kuwa nayo bila ukomo. Kwa sura ya nje, leseni ya programu inafanana na haki hiyo: si mali kamili, ni ruhusa yenye masharti.

Tofauti iko katika nani anaandika masharti. Masharti ya ardhi yalijadiliwa bungeni, yakachapishwa, na yanaweza kupingwa mahakamani. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, sheria inataja fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Najua, na wanaharakati wanajua kuliko mimi, kwamba mara nyingi fidia hiyo huchelewa au hupunjwa. Lakini anayepunjwa ana kifungu cha kushika mkononi anapokwenda kudai. Mwenye ufunguo wa leseni ana nini? Ana ukurasa mrefu alioupitia kwa kubonyeza neno moja la kukubali, ulioandikwa na upande mmoja, na ambao wengi wetu, mimi nikiwemo, hatukuwahi kuusoma.

Ndiyo sababu naitofautisha haki na hisani. Ile miaka saba ambayo ufunguo wa Windows 7 ulifungua Windows 10 ilikuwa hisani. Wengi walinufaika nayo na hakuna ubaya wa kuipokea. Lakini hisani haina tarehe, haina mashahidi, na mtoaji wake hahitaji kumweleza mtu kwa nini ameisitisha. Anayeishi kwa haki anaweza kupanga bajeti ya miaka mitano. Anayeishi kwa hisani hupanga kwa kuchungulia mlango kila asubuhi aone kama bado uko wazi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa mtoa hisani si hata ndugu.

Wala si kweli kwamba mambo haya hayabadiliki. Tarehe 3 Julai 2012, katika shauri la UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye programu akishauza nakala kwa leseni isiyo na ukomo wa muda, hawezi kumzuia mnunuzi asiiuze tena nakala hiyo, hata kama mkataba unakataza. Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka jana. Windows 10 ilipokaribia ukomo wake wa tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilitangaza kwamba mtu binafsi anaweza kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali mipangilio yake ihifadhiwe katika akaunti ya kampuni. Watetezi wa walaji barani Ulaya walipinga masharti hayo, na mwezi Septemba kampuni ikayalegeza kwa wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Programu ni ileile na ufunguo ni wa aina ileile. Kilichotofautiana ni raia aliyesimama nyuma ya ufunguo. Mmoja ana sheria na chama kinachomsemea. Mwingine yuko Laela, ana karatasi inayobanduka.

Sasa nije kwenu watumishi wa umma, maana suala hili lina uzito zaidi katika ofisi zenu kuliko katika kibanda cha steshenari. Katika shule, zahanati na ofisi za kata ziko kompyuta zilizotolewa na wafadhili au kununuliwa kwa fedha za miradi. Nimewahi kuingia katika ofisi moja ya umma nikaomba kuona leseni za programu. Nilionyeshwa leja ya vifaa, imeandikwa vizuri: idadi ya meza, viti, kompyuta, hata mafagio. Leseni hazikuwamo. Mtunza stoo aliniuliza, kwa uungwana kabisa, "Leseni inakaa wapi, mwalimu, niihesabu?" Swali lake ni la haki. Tumezoea kwamba mali ni kitu kinachoshikika, na fedha za umma zinazolipia ruhusa isiyoshikika hupotea bila mtu kugundua upotevu.

Jambo la pili ni kwamba kazi nyingi za serikali siku hizi hazijali mfumo endeshi. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST na mfumo wa watumishi wa ESS hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari kipo katika kila mfumo endeshi. Takwimu za afya za nchi yetu huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa hapa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna zahanati iliyowahi kuhitaji ufunguo wa herufi 25 ili itume taarifa za chanjo. Maana yake ni kwamba hoja ya kutegemea programu huria si ndoto ya wanaharakati. Serikali tayari inaitegemea katika jambo zito la uhai wa watu.

Tuna hata historia yetu wenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zinazozungumza Kiswahili, zisizo na ada ya leseni. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kama wamewahi kuisikia. Katika ukumbi mzima hakunyoosha mkono hata mmoja. Nchi inayosahau kazi ya mikono yake ndani ya miaka 20 haiwezi kumlaumu mgeni kwa kuiuzia funguo.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Wapo watakaosema kwamba njia hiyo imejaribiwa kwingineko na ikashindwa. Ni kweli kwamba jiji la Munich nchini Ujerumani lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenye Linux katika mradi uliokamilika mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Ni kweli pia kwamba mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, katika nchi hiyohiyo, lilitangaza kuhamisha kompyuta zake 30,000 kwenda LibreOffice na baadaye Linux. Ninachojifunza katika mifano hiyo miwili ni kwamba ugumu wa mambo haya ni wa kisiasa na kiutumishi kabla ya kuwa wa kiufundi. Unahitaji mafundi waliofunzwa, viongozi wasiobadili nia kila uchaguzi, na subira kwa mtumishi anayelalamika kwamba herufi zimehama katika waraka wake. Mimi sipendekezi kwamba halmashauri ifute Windows kesho asubuhi. Wapo wahasibu na wachora ramani wanaotumia programu zisizo na mbadala ulio sawa, na kwao leseni ilipiwe kihalali.

Ninachopendekeza ni mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya kabla ya kuanza.

Kwanza, kila ofisi ya umma iandike leseni katika leja kama inavyoandika meza: jina la programu, daraja, namna ilivyouzwa, mashine iliyofungamana nayo, na tarehe ambayo masasisho yake yatakoma. Mkaguzi aikague.

Pili, afisa ununuzi aulize maswali matatu kabla ya kusaini: leseni hii itahama mashine ikiharibika? Itafungua toleo lijalo, na kama ndiyo, limeandikwa wapi? Itakoma lini? Muuzaji asiye na majibu yaliyoandikwa anauza hisani kwa bei ya haki. Maswali hayohayo aulizwe mfadhili anayeleta kompyuta za mtumba, kwa heshima na shukrani, lakini aulizwe.

Tatu, shule zenye Windows 10 zisikimbilie kukraki kwa hofu. Kwa taasisi za elimu, bei iliyotangazwa na Microsoft ya masasisho ya nyongeza ni dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa wa pili na dola 4 kwa wa tatu, ilhali kwa makampuni mwaka wa kwanza ni dola 61. Mkuu wa shule asiyejua tofauti hiyo anaweza kutupa kompyuta nzima ambazo zingehudumia kidato cha kwanza hadi cha nne.

Nne, vyuo vyetu vifundishe zaidi ya mfumo mmoja. Mwanafunzi anayehitimu akijua kubonyeza vitufe vya kampuni moja hajafundishwa kompyuta, amefundishwa kuwa mteja. Na nyaraka za umma zihifadhiwe katika miundo ya wazi ambayo programu yoyote inaweza kuisoma, ili mjukuu wa leo asihitaji ufunguo kusoma muhtasari wa kikao cha kijiji chake.

Tano, wanaharakati na wanasheria walifikishe suala hili kwa Tume ya Ushindani, iliyopewa jukumu la kumlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Dai liwe dogo na la wazi: mtu anaponunua kompyuta yenye leseni, mpya au ya mtumba, aelezwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, anachonunua na kitakoma lini. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Haileti maana kwamba hakimu anisomee hukumu kwa lugha yangu, lakini mkataba wa kifaa ninachotumia kila siku nisielewe.

Sisi wa Ufipa tuna kumbukumbu inayopaswa kutuzindua. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zinazopita kimo cha mtu, na mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda huu. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kikafuliwa, kikawa jembe. Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, kazi hiyo ilififia. Siwalaumu walionunua, jembe la dukani lilikuwa jepesi kupatikana. Lakini angalau lilipokuwa lako lilikuwa lako. Ungeweza kulimia mahindi mwaka huu na maharage mwaka ujao, ukalitia mpini mpya, ukamrithisha mwanao, na hakuna kiwanda kilichotuma ujumbe kwamba kuanzia Oktoba halitakata tena. Mjukuu wa wafua chuma leo anakodi jembe asilojua linaisha lini. Sidhani kama hapo ndipo tulipotaka kufika.

Nirudi kibandani. Jioni ile umeme ulikatika, tukasubiri hadi saa mbili usiku. Uliporudi tuliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint, bila kufuta chochote, ili aone kwanza. Printa ilitambulika. LibreOffice ilifungua barua za wateja wake, ingawa jedwali la mtihani mmoja wa sayansi lilivurugika na ilibidi alipange upya kwa mkono. Mashine ya kutolea nakala haihitaji kompyuta, kwa hiyo haikumhusu. Aliazimia kuutumia mfumo huo kwa mwezi mmoja, na Windows akaiacha bila intaneti kwa ajili ya mafaili yanayokataa. Nilimweleza waziwazi kwamba hilo la pili haliondoi kosa la leseni, linapunguza hatari tu, na kwamba akitaka kuendelea na Windows itampasa kuilipia.

Karatasi ya Windows 7 hakuibandua. Aliibana vizuri kwa gundi, akasema ataiacha pale imkumbushe kuuliza kabla ya kulipa. Wiki iliyopita alinipigia simu: mtihani wa sayansi umekaa sawa, lakini mteja mmoja ameleta waraka wa kurasa 40 uliokataa kabisa kufunguka ipasavyo, na anataka kujua afanyeje. Sina jibu kamili. Nimemwomba anitumie waraka huo niupeleke kwa wenzangu.

Naomba kutoa hoja.